Mtoto Aliyemezwa na Joka

Mwalimu Cornelia alikuwa akiwatungia watoto wa darasa la tatu hadithi zake mwenyewe. Ijumaa hiyo, katika shule yao huko Mollo, aliwasimulia habari za mvulana aliyekatazwa kwenda ziwani, akaenda, na joka lenye magamba ya shaba likammeza mzimamzima.

“Hadithi inatufundisha nini?”

“Tuwatii wakubwa!” darasa likaitika.

Hellena peke yake hakuitika. Alikuwa mgeni, alikuja muhula huo kutoka Kipili, kando ya ziwa, kuishi na bibi yake. Wenzake walipotoka alibaki kwenye dawati, mkono wa sweta umelowa machozi.

“Mwalimu, kaka yangu Yonas hakuwa mkaidi,” alisema.

Cornelia hakuelewa. Alijaribu kumuuliza, lakini mtoto akazidi kulia tu. Basi akamshika mkono, wakaongozana mpaka nyumbani kwa bibi yake.

Bibi Kristiana alikuwa anapepeta ulezi uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kafanya nini tena huyu?”

“Hajafanya kitu. Nadhani nimekosa mimi.”

Alipomweleza, bibi aliweka ungo chini, akamtuma Hellena jikoni kuchochea moto.

“Yonas alitumwa,” alisema kwa sauti ya chini. “Upepo ulianza, baba yake akamwambia akafunge mtumbwi usichukuliwe. Akakimbia. Wimbi likamzoa. Kama angekuwa mkaidi, mwalimu, tungekuwa naye mpaka leo.”

Cornelia alizikumbuka hadithi zake. Miaka yote ya kusimulia, majoka yake yalikuwa yanawameza wakosaji tu.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, asiandike kitu.

“Ile hadithi ya joka niliikosea,” alisema. “Yule mvulana hakukatazwa kwenda ziwani. Alitumwa, akatii, na joka likammeza vilevile. Sijui inaendeleaje. Nisaidieni.”

Darasa likalipuka. Fabiani alitaka joka lipakwe pilipili puani lipige chafya, mvulana aruke mpaka mjini Matai. Avelina akasema hapana, tumbo la joka lina chumba, na mvulana amewasha moto anachoma mahindi. Walicheka, wakabishana, mpaka Hellena alipoinua mkono.

“Hatoki,” alisema.

Wenzake wakamgeukia.

“Hatoki. Lakini mama yake anakwenda pale ufukweni, analiambia joka, ‘Mwanangu hakukosa.’ Joka linasema, ‘Najua.’ Na watu wote wanasikia.”

“Halafu?” Avelina aliuliza taratibu.

“Halafu mama anarudi nyumbani. Anapika. Wanakula.”

Fabiani alikunja uso. “Mwalimu, sasa funzo lake nini?”

Cornelia alimtazama Hellena, ambaye safari hii hakuinamisha kichwa.

“Wewe umesikia nini, Fabiani?”

“Kwamba halikuwa kosa lake,” alisema. Kisha akageuka. “Hellena, kaka yako alikuwa anaitwa nani?”

“Yonas.”

“Alikuwa anajua kuogelea?”

“Sana. Alikuwa ananishinda hata nikitangulia.” Akatabasamu kidogo. “Na alikuwa anaimba vibaya, mpaka mbuzi wanakimbia.”

Darasa zima likacheka, na Hellena akacheka nao. Kengele ya mapumziko ililia, lakini hakuna aliyesimama. Walitaka kusikia habari za mbuzi.