Kaburi la Uwanjani

Santina alipouona msalaba kwenye kona ya uwanja wa shule, moyo ulimwambia: haya, wameanza.

Shule yenyewe ni mabati tu, huko mtaani Nyakuron, lakini watoto wanatoka mpaka Hai Cinema, na aliyeianzisha ni yeye, aliporudi kutoka Uganda. Na Juba watu huzika uani kwao. Penye kaburi lako pana kiwanja chako, na wezi wa ardhi wanalijua hilo vizuri. Shule yake ya kwanza ilimezwa hivyo hivyo: kaburi likachipuka, akafukuzwa, na kumbe ndani mlikuwa na gunia la mchanga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwenye msalaba alikuwa kasimama papo hapo, mtu wa kabila la Wabari, wenyeji wa Juba, aitwaye Lako, kakulia Kenya, viatu safi mno kwa mtu mwenye huzuni. Alidai ni mamake, alizikwa hapo kabla hawajakimbia vita.

"Nataka kumjengea tu, madam. Simiti kidogo, basi."

"Miaka yote wewe ilikuwa wapi? Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu amenituma, haki ya Mungu."

Anaapa upesi huyu, Santina aliwaza. Akamwita sultani wa mtaa, ndiye chifu wa huko, akaita wazazi, akaita hata mama wauza chai, waje waone aibu ya mwizi.

"Chimba!" alisema mbele ya wote. "Kama mtu iko hapo chini, mimi natoka na mabati yangu!"

"Msimguse, tafadhali," Lako akasihi.

"Mnasikia? Anaogopa!"

Majembe yakashuka. Gunia halikuonekana. Kilichoonekana ni shuka lililooza, kisha shanga, kisha mifupa. Wanawake wakashika vichwa.

Sultani alikohoa. "Santina, kiwanja ni cha huyu. Mashahidi umemletea wewe mwenyewe."

Lako hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo.

"Kiwanja sikutaka," alisema. "Nilitaka tu watoto wasimkanyage wakicheza mpira. Sasa nani atamfunika?"

Santina alimnyang'anya mchimbaji jembe, akaanza kurudisha udongo mwenyewe, polepole, machozi yakimtoka kwa aibu. Alimwomba marehemu msamaha kwa sauti, kila mtu akasikia. Na hata hapo, Mungu amsamehe, jicho lake moja lilikuwa bado kwenye vile viatu safi.