Safu ya Kushoto

Katika karakana ile, kiatu cha kupandia miamba hakikutoka mlangoni kabla Mjusi hajakivaa. Kaka yake ndiye aliyekuwa fundi: alikata ngozi, akaivuta juu ya kalibu ya mbao yenye umbo la mguu, akabandika soli ya mpira kwa gundi iliyowaumiza wote vichwa. Wifi yake alishona. Mjusi kazi yake ilikuwa kuvaa, kupanda na kusema. Jina hilo alipewa utotoni kwa kunata ukutani, naye hakuwahi kulikataa. Wageni walipouliza anafanya nini hasa pale, wifi aliwajibu kwamba yeye kaajiriwa kulalamika.

Ukuta wa majaribio ulikuwa nyuma ya karakana, mita nne na ushee kwenda juu, umefungwa vishikio vya mbao, vingine vinene kama ngumi, vingine vyembamba kiasi kwamba ni ncha ya kidole gumba tu iliyoweza kuegemea. Chini yalitandikwa magodoro mawili yaliyokwisha umri wake. Utaratibu aliuweka marehemu baba yao, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Ukitaka kulinganisha viatu viwili, usivae jozi moja leo na nyingine kesho, maana mguu ni msahaulifu. Vaa kimoja kushoto, kingine kulia, panda njia ileile mara kumi, kisha badilisha upande tena mara kumi. Daftari lilikuwa na safu mbili, ya kushoto na ya kulia, na katika kila safu ziliandikwa alama za kisigino, za ncha, za namna kiatu kilivyokaa mguuni na za soli ilivyong'ang'ania.

Kwa miaka kumi miguu ya Mjusi haikukosea. Siku moja alishuka ukutani akasema kuna kitu ndani, karibu na kidole cha mwisho. Kaka yake akaingiza mkono, akapapasa, akasema hakuna. Mjusi akashikilia kipo. Walibishana hadi wifi akachukua kisu akakipasua kiatu kizima, wakakuta uzi umejikunja ndani ya bitana, mwembamba kama unywele. Tangu hapo fundi aliiamini miguu ya dada yake kuliko macho yake mwenyewe, na hakuona haya kuwaambia wateja.

Mwaka wa kumi na moja, mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Kwanza uliwaka moto unyayoni, kisha ukawa kama unatembewa na sisimizi, kisha sisimizi nao wakaondoka, kisisalie kitu. Kliniki wakasema ni sukari, tena ya siku nyingi. Muuguzi alimfumbisha macho, akawa anamgusa vidole kwa kiuzi kigumu na kumwambia aseme ndiyo kila anapoguswa. Mguu wa kulia alisema ndiyo mara tano. Wa kushoto alikaa akisubiri, mpaka alipofumbua macho na kuona muuguzi amekwisha kuandika.

"Dada, viatu vinavyobana usivitie mguuni," muuguzi alimwambia. "Kidonda kimoja tu ambacho hukukisikia, na mguu unaweza kuondoka." Akamwelekeza aukague unyayo kwa kioo kila jioni. Kisha akamuuliza anafanya kazi gani. Mjusi akajibu ni mshonaji, bila hata kumeza mate.

Kioo alinunua. Viatu aliendelea kuvaa. Si kwamba hakuelewa alichoambiwa. Alielewa vizuri sana, na aliogopa. Lakini alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, hana mume wala mtoto, anaishi chumba cha uani kwa kaka yake, na kitu kimoja tu hapa duniani alikijua kuliko watu wote. Akikisema kile cha kliniki, kesho yake angekalishwa kitini, apewe vitambaa vya kukunja, na kila mtu awe mpole kwake. Upole huo aliuogopa kuliko kidonda.

Basi akajikaza. Mguu wa kulia ulimweleza kila kitu kama zamani. Wa kushoto aliubahatisha: alivua kiatu, akatazama wekundu ulioachwa kwenye ngozi, akaandika alama kwa kukisia. Kiatu kisichoumiza ni rahisi kukisifu, na cha kushoto hakikumuumiza kamwe.

Ndipo kikosi cha uokoaji cha milimani kilipotaka jozi arobaini. Mkuu wao alifika mwenyewe, mtu mfupi wa maneno machache, akawekewa mezani mifano miwili. Cha kijivu kilikuwa na soli ngumu na kimenyooka. Chekundu kilikuwa laini, ncha yake imepinda kwenda chini kama kucha. Aliwaambia kwamba mwaka uliopita kijana wake mmoja aliteleza kwa sababu kiatu kilimzunguka kisiginoni, akaanguka pamoja na majeruhi aliyekuwa anamteremsha. Wote wawili walizikwa wiki moja.

"Sitaki kiatu kizuri," alisema. "Nataka kiatu kisichodanganya."

Mjusi alikuwa amesimama karibu na kabati la ngozi. Maneno yale yalimwingia, na kwa muda wa kama dakika moja alikuwa tayari kufungua kinywa. Kisha kaka yake akamwonyesha mkuu kwa mkono, akasema viatu hivyo atavipima huyu hapa, na mkuu akamwinamishia kichwa kwa heshima. Naye akakiinamisha chake.

Asubuhi ya jaribio alikuta viatu vimewekwa tayari juu ya godoro, kamba zimelegezwa, chekundu upande wa kushoto na kijivu upande wa kulia. Kwa kawaida alivitoa mwenyewe rafuni. Kaka yake naye hakurudi kwenye meza yake ya kazi. Alijikalia kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, amekunja mikono, uso umemkauka. Mjusi alidhani ni uzito wa ile kazi. Akavaa viatu miguu mitupu, kama vinavyovaliwa, akakaza kamba, akapaka mikono chaki.

Kulia kulikuwa na habari nyingi. Kidole gumba kilijikunja kidogo tu, soli haikutetereka hata kwenye kishikio chembamba kuliko vyote, na kisigino kilikuwa na nafasi ya kupitisha kipande cha karatasi. Kushoto alitazama kwa macho. Kila hatua aliinamisha kichwa kuhakikisha mguu umefika, akaukandamiza, akauegemea kwa imani tu. Akapanda mara ya kwanza, ya tano, ya tisa. Mara ya kumi mguu wa kushoto uliteleza kidogo kwenye kishikio, naye akasingizia jasho.

Aliposhuka, kaka yake alikuwa ameshafungua daftari.

"Cha kushoto vipi?"

"Hakina shida," alisema Mjusi. "Kimekaa kama ngozi yangu. Hiki cha kijivu kisigino chake hakijashika sawasawa."

"Chekundu hakikugusi popote?"

"Hakinigusi popote."

Fundi alicheka, kicheko kisicho na furaha hata tone. Akaanza kufunua kurasa kwa kurudi nyuma, akizipiga kwa kidole. Miezi saba, alisema, kiatu cha kushoto hakijawahi kushindwa. Jozi yoyote ile, kilichokaa kushoto ndicho kinachoshinda. Wakibadilisha upande, kilichoshindwa mwanzo ndicho kinachoshinda. Yeye usiku halali akifikiria kisigino, kumbe mwenzake anakaa pale anaandika kinachomjia kichwani, na watu wanakwenda kuning'inia majabalini kwa maandishi hayo. Alimwambia kwamba amemwaibisha baba yao kaburini. Alisema mengi, na sauti ilipanda kadiri alivyosema, kwa sababu alikuwa ameyabeba kwa wiki nzima.

"Kivue," akamalizia. "Kivue tuone kama hakina shida."

Mjusi akafungua kamba. Kiatu kilikataa kutoka, akakivuta kwa mikono miwili, kikatoka na mlio wa kitu kilicholowa. Bitana ya ndani, iliyokuwa nyeupe, ilikuwa nyeusi kwa damu. Chini ya kidole gumba kipete cha shaba, kama vile vinavyowekwa kwenye matundu ya kamba, kilikuwa kimezama ndani ya nyama, umebaki kuonekana mzingo wake tu.

Ni kaka yake aliyekiweka. Alikuwa amepanga kwamba dada yake atapiga hatua mbili, atapiga yowe, atavua. Au atajifanya hamnazo na kupanda kwa kuchechemea, na hapo atakuwa amemnasa kwenye uongo wake. La tatu hakuliwaza. Alitazama damu, akatazama uso wa dada yake, ambao ulikuwa umetulia tuli.

"Hukusikia?" aliuliza.

"Mguu huu sisikii kitu, kaka. Tangu mwaka jana."

Fundi alijaribu kukaa kwenye ngazi, akaikosa, akaketi chini. Wifi alikuja mbio kutoka kwenye cherehani na kitambaa mkononi, akapiga magoti, akaufunga mguu. Alimaliza kuufunga ndipo alipomgeukia mumewe.

"Nilikwambia umuulize," alisema.

Walimpeleka hospitali saa ileile. Kipete kilitolewa, kidonda kikasafishwa, dawa zikaandikwa, na kwa siku sita ilionekana kama mambo yatakaa sawa. Siku ya saba kulikuwa na harufu. Kidole gumba kilibadilika rangi, cha pili kikafuata, vyote viwili vikakatwa. Wiki mbili baadaye daktari alisimama miguuni pa kitanda, akaweka kiganja chake katikati ya muundi, akaeleza kwamba safari hii watakata mpaka hapo. Aliongea taratibu na kwa adabu, na Mjusi alimchukia kwa hilo.

Kaka yake alikuja kila siku. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akisimulia habari za ngozi iliyochelewa, za gundi mpya, za paka aliyezalia kwenye boksi la soli. Mambo yote aliyagusa isipokuwa lile moja. Mjusi alimwacha aongee. Wakati mwingine alimwonea huruma, wakati mwingine alitamani amrushie bilauri ya maji, na mara nyingi hisia hizo mbili zilikuja pamoja asijue aanze na ipi.

Alasiri moja maneno yalimwishia kaka yake. Akainama, viwiko juu ya magoti.

"Nilidhani unanidanganya," alisema.

"Nilikuwa nakudanganya."

"Ningekuuliza tu. Ningekuuliza kama mtu mzima."

"Ningekataa," alisema Mjusi. "Ungeniuliza mara mia ningekataa mara mia." Hakusema hivyo ili kumtua mzigo. Ndivyo ambavyo ingekuwa, na wote wawili walijua, na haikumsaidia yeyote.

Kazi ya waokoaji ilikuwa bado inasubiri. Fundi alikuwa amekwisha kumweleza mkuu wao yote, bila kujipunguzia, akimwomba apeleke kazi kwingine. Mkuu aliuliza kama yule mama ana mguu mmoja mzima, na kama huo unasema kweli. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi atangoja.

Hivyo Mjusi alirudi karakana akiwa na magongo mawili, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini upande wa kushoto, pini ya wifi. Magodoro yalikuwa yamefuliwa vitambaa vyake. Viatu vilikuwa rafuni, na mara hii alivitoa mwenyewe. Aliingiza mkono ndani ya kila kimoja, akapapasa mpaka nchani, taratibu, mbele ya kaka yake. Fundi alitazama pembeni.

Alikivaa cha kijivu kwanza. Akashika vishikio vya juu kwa mikono, kaka yake akamshika kiuno kwa nyuma, naye akapandisha mguu kwenye kishikio chembamba cha chini na kusimama juu yake. Akashuka. Akasimama tena. Mara kumi, jasho likimtiririka, kaka yake akihema naye kana kwamba ndiye anayepanda. Akapumzika, akavaa chekundu, akafanya vilevile mara kumi.

Hukumu aliitoa akiwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Chekundu kinashika jiwe kuliko kijivu, alisema, lakini kinakunja mguu mno; mtu aliyebeba majeruhi kutwa nzima, kufika jioni atakuwa anatembea kwa visigino. Kijivu ndicho. Ila kisigino kipunguzwe, kisipungue zaidi ya unene wa uzi, na mshono wa ndani uhamishwe juu kidogo. Aliongea bila kusita. Wifi alisimamisha cherehani ili asikilize, maana ilikuwa ni miezi mingi hajamsikia akisema hivyo.

Fundi aliandika neno kwa neno kwenye safu ya kulia. Kalamu ikafika mwisho wa mstari, ikavuka kwa mazoea ya miaka yote ile.

"Na kushoto?" akauliza.

Neno lilikuwa limeshatoka. Alibaki ameinamia daftari, shingo imemwiva, hathubutu kuinua kichwa. Wifi alishika mdomo.

Mjusi alitazama pini iliyobana suruali yake. Kwa mwaka mzima mguu ule ulikuwa upo na hausemi. Sasa haukuwepo, na tangu siku ile aliyozinduka kutoka chumba cha upasuaji ulikuwa haujanyamaza. Muuguzi alimwambia huwatokea wengi. Hakuwa amemwambia mtu mwingine.

"Vidole vinabanwa," alisema. "Kidole gumba, chini yake, kama kuna kitu ndani ya kiatu. Kinauma sana, kaka. Kinauma tangu walipokikata."

Fundi alikaa na kalamu mkononi. Kisha, kwa kuwa safari hii alikuwa ameuliza na amejibiwa kweli, aliandika.