Nyota Kando ya Namba

Dada aliacha cherehani mbili, mkasi mmoja ambao hakuna aliyeruhusiwa kukatia karatasi, na kompyuta ya kizamani yenye faili moja la vipimo vya wateja wake wote. Nilipolifungua, wiki ya tatu baada ya mazishi, nilidhani limeharibika. Alama za reli, nyota, vistari, vimshale, utadhani kuku wamepita kwenye unga.

"Halijaharibika," shemeji alisema. Ni mume wa dada. Anaandika miongozo ya mashine ofisini kwao, na ndiye aliyemfundisha dada kuandika namna hiyo. "Ni maandishi matupu tu. Hizo alama zinaiambia kompyuta jinsi ya kuyapanga."

"Kwa nini asibonyeze vitufe kama watu wengine?"

"Si umuulize mwenyewe," alisema, halafu akageukia cherehani za dada.

Nilikuwa na haraka. Nesi, mteja wa dada wa siku nyingi, alikuwa masomoni mbali na angerudi Jumamosi asubuhi, avae suti yake mpya, aende kula kiapo cha kazi saa nne. Kitambaa alikileta kabla hajaondoka, na dukani kilikwisha. Dada alimpima, akaandika, hakuwahi kukata. Sasa chumba cha kushonea kiko mikononi mwangu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Shemeji alikuja saa ya chakula cha mchana, na tai yake ameitupia begani. Aliigawa skrini sehemu mbili: kushoto maandishi na alama zake, kulia ukurasa uliopangika.

"Reli moja mwanzoni mwa mstari, hicho ni kichwa. Reli mbili, kichwa kidogo. Andika."

Niliandika reli na jina la mteja. Upande wa kulia reli ikabaki vile vile, imenitolea macho.

"Umesahau nafasi. Reli, nafasi, ndipo jina."

Nikaweka nafasi. Jina likavimba. Nikaandika kiuno, nikashuka mstari, nikaandika nyonga. Upande wa kulia vikatoka vimeungana kwenye mstari mmoja.

"Mbona nimeshuka?"

"Umeshuka mara moja. Yeye anataka mara mbili, au uweke kistari mwanzoni ajue ni orodha."

"Yeye nani?"

"Kompyuta, shemeji."

"Basi ana kiburi kama cha mkeo… kama cha dada."

Alicheka kidogo. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. Akaniambia mshale mwanzoni mwa mstari ni maneno ya mtu mwingine, na neno lililofungwa kwa nyota huku na huku linalala upande. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayeomba asiulizwe.

Alipoondoka, nilichapa ukurasa wa Nesi kutoka upande wa kulia, kwa kuwa ndio mzuri. Kifua 100. Nyonga 108. Dada alinifundisha kwamba kipimo cha mwili huongezewa nafasi ya kupumulia, sentimita nane kwenye suti. Nikatandika kitambaa, nikashika chaki. Nyonga mia na kumi na sita? Kitambaa hakikutosha.

Niliirudia karatasi. Namba zilikuwa zimelala upande, kidogo sana. Nikaenda kwenye kompyuta, kushoto: kila namba ya Nesi ilikuwa na nyota mbili, moja kila upande. Zilimezwa kwenye kuchapa. Lakini zilimaanisha nini? Kwamba ameshaongeza? Au kwamba hapa usisahau kuongeza? Nilikaa na chaki mkononi hadi vidole vikawa vyeupe.

Nikampigia Nesi, nikamwomba ajipime upya.

"Nijipime na nini, bendeji?" aliuliza. "Dada yako alishanipima. Alisema kila kitu kiko kwenye kompyuta."

"Kiko. Sikielewi."

"Basi elewa, mdogo wangu. Jumamosi sitaapa na gauni la kulalia."

Kesho yake nilimuuliza shemeji.

"Kulaza ni kusisitiza," alisema.

"Kusisitiza nini?"

Akainama kwenye skrini. "Alama nilimfundisha mimi. Alichokuwa anasisitiza, sijui."

Nikashuka chini kwenye faili nikitafuta nguo ambayo dada aliimaliza. Nikakuta kichwa: *Mume wangu*. Chini yake kifua 104, na nyota zake. Kisha mshale na maneno: usinibane, ofisini nabanwa vya kutosha.

"Shati gani hili?"

"Hili nililovaa."

Nilimzungushia futi kifuani. Tisini na moja. Nikachanganyikiwa zaidi, haikulingana na chochote.

"Nimekonda," alisema, akitazama dirishani.

Nilisimama na futi mkononi. Mtu amekonda, lakini shati halijakonda.

"Livue."

"Shemeji!"

"Livue, una fulana ndani. Usinitie aibu bure."

Nililitandika mezani, nikalifunga vifungo, nikapima mbele na nyuma. Mia na nne kamili. Namba yenye nyota ilikuwa ya nguo, siyo ya mtu. Dada alikuwa ameshaongeza.

Nilikata kitambaa cha Nesi siku hiyo hiyo, bila kuongeza kitu, na Ijumaa nikaishona suti. Jumamosi aliivaa, akainua mikono, akakaa, akainuka. "Napumua," alisema, akaondoka mbio.

Nilirudi kwenye faili kuandika kwamba suti imechukuliwa. Mwisho kabisa kuna kichwa kingine: *Kitinda*. Ndilo jina dada alilokuwa ananiita. Kifua 88, kiuno 70, nyonga 96. Hamna nyota hata moja. Nakumbuka siku ile aliyonipima, nikicheka kwa sababu futi ilikuwa ya baridi. Alinipima, hakufika kwenye kuongeza.

Shemeji anasema nijikatie mwenyewe, namba si ninazo. Nimejaribu kuweka nyota ya kwanza mara mbili, nikaifuta. Sijui kama bado nina vipimo vile. Nimeweka tu mshale, ule wa maneno ya mtu mwingine, chini ya jina langu, na mbele yake sijaandika kitu.