Kioo Kikubwa Zaidi

Mume wangu anazidi kupofuka, na habari hiyo nitaieleza kwa simu zake, kwa sababu yeye mwenyewe hana kalenda nyingine. Ukimuuliza tulihamia lini nyumba hii atakuambia ni enzi za ile ya kusukuma. Binti yetu alizaliwa wakati wa ile nyeusi ya kamera mbili. Baba mkwe alifariki wakati wa ile iliyokuwa inazima ovyo, na mpaka leo mume wangu hajaisamehe simu hiyo. Mimi ni msusi, kutwa nasimama nyuma ya vichwa vya wanawake wakinisimulia waume zao: huyu mlevi, huyu bahili, huyu kiguu na njia. Wangu ugonjwa wake ulikuwa simu. Mtaani wanamwita Mtandao, na jina hilo halijawahi kumuudhi.

Nilipokutana naye alikuwa na ile ndogo ya tochi, ambayo ikianguka unaionea huruma sakafu. Kioo chake hakikuzidi kidole gumba, herufi zake kama sisimizi, naye alizisoma akiwa amenyoosha mkono wote, huku anatembea, huku anakutania. Macho hayo ndiyo yaliyokuwa yanamlisha. Alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha kuchapa lebo za mafuta ya kupikia, za sabuni, za dawa za mifugo. Rangi huchapwa moja juu ya nyingine, na nyekundu ikiteleza nje ya mstari wake kwa unene wa unywele, yeye aliinua mkono na mashine ikasimama. Waendesha mashine walimlaani kimoyomoyo, lakini hakuna aliyewahi kumwambia amekosea.

Tulichumbiana kwa kubipu. Mara moja, nimefika salama. Mara mbili, toka nje nipo kona. Ujumbe alituma kwa nadra, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu alizifukuza irabu zote. Wa kwanza ulisema "Nmkkmbk", nikamwonyesha dada yangu, dada akautazama, akasema, "Huyu ameikalia simu." Ilibidi nimuulize mwenyewe. Alinitamkia polepole, nimekukumbuka, irabu zote zikarudi mahali pake, nami nikaolewa.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yeye vidonda alivipenda kweli. Ikaja ya kioo cha rangi, iliyonipiga picha ya kwanza nikatoka bluu kama maiti, akaikumbatia. Ikaja ya kusukuma, akawa anaisukuma mezani, kitandani, msibani, krik krak, mpaka mjomba wake akamnyang'anya. Kila ikija mpya alifungua boksi polepole, akanusa, akasoma kijitabu chake mwanzo hadi mwisho, hata kurasa za lugha asizozijua. Ile iliyotangulia nilipewa mimi. Miaka yote nimekuwa nyuma yake kwa simu moja, kama mdogo mtu anayevaa nguo za dada yake, na sikulalamika sana, maana alizitunza vizuri.

Kisha simu zikaanza kukua. Hilo halikunishtua, kwani za watu wote zilikuwa zinakua. Kilichotakiwa kunishtua ni furaha yake, ambayo haikukua nazo. Siku moja nilimsindikiza dukani. Zamani muuzaji alikuwa anatoka jasho mbele yake, anaulizwa betri, anaulizwa kumbukumbu, anaulizwa mpaka vitu asivyovijua. Siku hiyo mume wangu akauliza kitu kimoja tu.

"Ipo yenye kioo kikubwa kuliko hii?"

Muuzaji akatoa moja, akaanza kuisifia kamera yake. Mume wangu akaichukua, akafungua sehemu ya herufi, akazisukuma zikue mpaka mwisho wake, akaisogeza karibu na pua. "Hakuna zaidi ya hapa?" Muuzaji akasema hakuna. Akainunua hivyo hivyo, na nyumbani boksi hakulinusa. Nikadhani amekua, na nikashukuru.

Halafu akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Hapo sasa niseme wazi, maana sisi wote tunajua jicho la pembeni ni nini. Mtu anayekuheshimu anakutazama usoni. Mume wangu nikimsemesha, anatazama sikio langu. Nikimletea chai, anautazama ukuta nyuma yangu, na tabasamu lake analielekeza kwenye pazia. Nikafanya kosa la kulisema jambo hilo saluni. Mteja mmoja, mama mwenye maduka na ulimi, akageuza kichwa nikiwa katikati ya msuko. "Mwanaume akikupa jicho la pembeni," akasema, "ujue jicho la mbele limeshapata mwenyewe." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikaendelea kusuka.

Na ushahidi ulikuwepo, kila nikitafuta. Simu aliibandika usoni kama anainong'oneza. Aliigeuza upande ili mtu asione. Tena akawa ananipiga picha ovyo, nikiosha vyombo, nikichana nywele, nikifokea binti, kisha anajigeuza kando na kuvuta ile picha kwa vidole viwili, anavuta, anavuta. Nikasema moyoni, ananicheka na mtu wake, anamtumia huyo mwenzake aone nilivyozeeka.

Jioni moja binti alikuwa kwa shangazi yake, nikaona leo ni leo. Nikazima jiko, nikasimama mbele yake.

"Nani huyo kwenye simu?"

"Nani?"

"Huyo unayemtazama kwa macho mawili, mimi mkeo nikaachiwa la pembeni."

Akacheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akanyoosha mkono na kunipa simu. Kwenye kioo kulikuwa na jicho moja, kubwa, limejaa kioo kizima, na kipande cha pua. Ilinichukua muda kulitambua.

"Ni wewe," akasema. "Mchana wa leo, ukianua nguo."

"Sasa jicho langu la nini?"

"Nikikutazama mbele, mke wangu, huna uso. Pale katikati pameondoka. Nikitazama ukutani ndiyo nakuona kidogo, kwa pembeni. Kwenye simu nakuona vipande vipande. Leo jicho, kesho mdomo. Halafu nakuunganisha."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke, maneno yangu yote nilikuwa nimeyapanga kwa ajili yake, na sasa hapakuwa na wa kumwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kioo cha kupinda."

Nikahesabu kurudi nyuma. Simu tatu. Simu tatu alikuwa ameubeba mzigo huu peke yake, na mimi nikimwita mlimbukeni. Nilimkasirikia kuliko ambavyo ningemkasirikia kwa mwanamke. Nikamwambia mficha uchi hazai, nikamwambia mengine ambayo hayaandikiki, kisha nikamshika kichwa nikalia kwenye nywele zake.

Hospitali alikuwa ameshakwenda, kwa siri. Tukarudi pamoja. Daktari alikuwa mwanamke mpole, akachora duara kwenye karatasi na kulitia giza katikati. Akasema nyuma ya jicho kuna mahali padogo pa kuonea vitu vidogo, herufi, nyuso, tundu la sindano, na mahali hapo panakufa taratibu, kwa macho yote mawili. Miwani haisaidii. Dawa ya kuparudisha haipo. Mume wangu akauliza kama pembeni patabaki. Daktari akasema kwa kawaida hubaki, lakini kwake yeye giza linatanuka haraka, na asingependa kumdanganya. Tukashukuru, kama watu wanavyoshukuru wakipewa kitu.

Kiwandani alijitahidi. Alipiga picha kila karatasi kwa simu, akaivuta, akaikagua kipande kwa kipande, na kwa muda hakuna aliyejua. Kisha zikatoka lebo za dawa ya mifugo zimekosa herufi moja katikati ya neno, mzigo mzima, zimepita mikononi mwake. Msimamizi alimhamishia kwenye kufunga maboksi. Baadaye akaja nyumbani kwetu mwenyewe, akasimama mlangoni akiviangalia viatu vyake, akasema apumzike kwanza. Mume wangu akamkaribisha chai, akamsimulia habari za simu mpya zitakazotoka, akamsindikiza hadi nje. Aliporudi alikaa na sare yake ya kazi mapajani mpaka nikaja kuichukua.

Binti yetu, ambaye kupenda vidude amerithi kwa baba yake, aliiwasha ile sauti ya kumsomea mtu asiyeona. Ni mwanamke, sijui kwao wapi, lakini Kiswahili chetu anakitafuna kama ana kiazi cha moto mdomoni. Siku ya kwanza alisoma ujumbe wa shemeji kuhusu mazishi tukacheka mpaka tukapata dhambi. Mume wangu alijifuta machozi ya kicheko, na yalipokwisha yale, yakaendelea mengine. Baadaye akaniomba niizime.

"Inaniambia ni saa ngapi," akasema. "Inaniambia nani kanipigia. Lakini haiwezi kuniambia wewe ukoje."

Ndipo tukaenda kuchukua hii ya mwisho, ambayo si simu tena, ni sinia. Safari hii yeye alikaa kwenye benchi la dukani, na mimi ndiye niliyemtoa muuzaji jasho. Nikauliza kamera inavuta mpaka wapi, nikauliza picha ikivutwa inabaki safi au inachanganyika, nikauliza mwanga wa kioo. Muuzaji akasema mama unajua simu. Nikasema nimeolewa nazo siku nyingi.

Tukajiwekea desturi. Asubuhi, kabla sijaenda saluni, nakaa kwenye kiti cha dirishani, mwanga unapoingia vizuri, nakunywa chai. Yeye anakaa mkabala nami, anasema, "Tulia." Inalia ile sauti ya kamera. Kisha anaigeuza simu upande, anatazama mlango ili anione mimi, na vidole viwili vinaanza safari. Anapita kwenye paji la uso, anashuka. "Leo hukulala vizuri," atasema, na kweli sikulala. "Kovu lako la kitana cha moto linafifia." Mimi nacheka, nasema tazama unachotaka kutazama, bwana, macho hayana pazia. Nimekuwa mtu wa kujipaka poda asubuhi, kwa umri huu, kwa ajili ya mwanaume ninayelala naye chumba kimoja. Kila siku anachukua muda mrefu zaidi kunimaliza, na kila siku anasema machache zaidi. Ninachoogopa kinajulikana: asubuhi ambayo vidole vitafika usoni mwangu na visikute kitu.

Jana nilikaa kama kawaida. Kisha nikakumbuka chupa ya chai nimeiacha jikoni, nikaiendea, miguu mitupu. Nikiwa jikoni nikasikia anasema, "Tulia," na kamera ikalia.

Nikarudi kwa nyuma yake, chupa mkononi, nikatazama juu ya bega lake. Kwenye kioo kulikuwa na kiti kitupu, pazia na ukuta. Akaigeuza simu upande. Akatazama mlango. Vidole viwili vikaenda moja kwa moja mahali pa uso wangu, vikavuta, na mgongo wa kiti ukakua, mbao tupu, mpaka ukajaa kioo chote. Akaendelea kuvuta. Alizunguka pale taratibu, juu, chini, juu tena. Halafu akatabasamu.

"Umependeza," akasema. "Huo msuko umekukaa."

Kichwani nilikuwa na kitambaa. Sikujua kama anaona anachokisema, au anakisema ili mimi nisijue kwamba haoni. Nimeishi na mwanaume huyu tangu tochi mpaka sinia, na pale nyuma ya bega lake sikujua.

Nikaiweka chupa chini, nikazunguka, nikakaa. Kiti kile ni kibovu, kikatoa mlio nilipokikalia, naye akakisikia, kwa sababu vidole vyake vilisimama.

"Piga nyingine," nikasema. "Hiyo nilifumba macho."

Kisha akaipangusa simu kwenye shati, akaiinua, akaielekeza kwenye sauti yangu.

"Haya," akasema. "Tulia."