Duara la Wino

Pamba ilikuwa imeshalowa spiriti na imeshagusa kioo alipoutambua mwandiko wa mama yake.

Aliurudisha mkono kama aliyeungua. Miezi minne sasa kazi yake ilikuwa kufuta wino wa zamani uliochorwa nyuma ya vioo vya picha za anga, ili mashine izisome nyota bila kizuizi. Alikuwa ameshafuta mamia bila kuwaza. Leo alisimama, akaketi, akasimama tena.

Picha hii ilipigwa kupitia mche wa kioo unaotawanya mwanga kuwa rangi zake, kwa hiyo kila nyota ilikuwa utepe mdogo wenye mistari. Mama, aliyekuwa mpimaji wa nyota hapa enzi zile, alikuwa ameuzungushia duara utepe mmoja hafifu na kuandika: "Njano kama Jua, lakini si ndogo. Mistari myembamba, hewa yake haikubanwa. Ni jitu, liko mbali." Chini yake mkuu wake alikuwa ameandika: "Si kweli. Ndogo."

Akaitafuta namba ya nyota hiyo kwenye orodha mpya. Upana: mara kumi na moja ya Jua. Joto la uso: nyuzi elfu tano, pungufu kidogo ya Jua. Uzito: mara mbili tu. Jitu kweli, limevimba, na umbali ndio uliolifanya lionekane si kitu.

Nyumbani mama aliisimulia habari hii mpaka watu wakachoka. Wajomba walimwita dada yao Bi Darubini, wakamuuliza leo kapima jitu gani. Na yeye, binti yake, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Hicho kioo bado tu?" mkuu wa chumba alichungulia mlangoni. "Mashine inakingoja."

"Ni mwandiko wa mama yangu."

"Pole, dada. Kipige picha kwa simu, halafu ufute. Hatuna namna."

Alikipiga picha. Kisha akampigia mama.

"Mama, nimeiona ile ya njano. Ulisema kweli. Nilikucheka miaka yote hii, nisamehe."

Mama alikohoa kama mtu anayejizuia kulia.

"Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga," mama alisema. "Hebu nisomee upana."

"Mara kumi na moja ya Jua."

"Kumi na moja! Mimi nilikadiria tisa. Rudia."

Akarudia, mara mbili. "Ila wanataka nifute maandishi yako, mama."

"Sasa unangoja nini? Futa. Wino wangu umezifunika nyota nyingine."

Alifuta, machozi yakimtoka bila haya. Mahali palipokuwa na neno la mwisho la mama pakatokea tepe mbili nyembamba, hafifu mno.

"Kuna mbili hapa, mama."

"Mistari yake ikoje?"

Hakuwahi kuitazama mistari. Aliiweka simu mezani, akavuta lenzi ya kukuzia, akainama.