Vikombe Viwili Dirishani

Kiwandani walimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi za nyumba. Mkurugenzi ndiye aliyemtoa kwenye kuosha mapipa akamkabidhi chumba cha kuchanganyia, na tangu hapo wawili hao walikuwa na desturi yao. Kila rangi mpya ilipakwa kwenye kibao na kuachwa ikauke, kwa kuwa rangi mbichi ni mwongo. Asubuhi mkurugenzi alishuka na vikombe viwili vya chai. Walisimama dirishani, wakakitazama kibao bila kusema neno, kisha kila mmoja akatoa hukumu yake. Wakipatana, rangi iliingia kwenye makopo. Wasipopatana, Jicho alichanganya upya. Katikati ya hukumu na chai waliulizana habari za watoto.

Kisha ikasambaa video. Jumapili moja mkurugenzi alipanda jukwaani, kofia ya kampeni kichwani, kuunga mkono kura ya maoni iliyokuwa inakuja. Pendekezo lilikuwa kwamba watu waliozaliwa ng'ambo ya mpaka, hata wenye uraia, wasimiliki viwanja. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mgeni atabaki mgeni," akashuka.

Jicho alivuka mpaka huo akiwa mgongoni mwa mama yake. Kiwanja alikuwa nacho, na nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha.

Wateja wakubwa walisimamisha oda. Bodi ikaitisha kikao kuamua kama mkurugenzi aondoke au abaki. Wafanyakazi walikuwa na kiti kimoja katika bodi, na aliyekikalia ni Jicho. Wenzake walikutana karakana, wakabishana hadi wakachoka, wasielewane.

"Tulikuchagua kwa ajili ya hilo jicho," mzee wa stoo alihitimisha. "Basi litumie."

Jioni mdogo wake wa kiume, mpakiaji wa makopo pale pale kiwandani, alimkuta kwenye ile nyumba isiyo na paa. Akakaa juu ya mfuko wa saruji.

"Dada, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelishika mpaka mpini umelika. Sasa rafiki yako anataka na shamba."

"Si rafiki yangu. Ni bosi wangu."

"Bosi gani anakuletea chai? Wa kwangu hata maji hanipi."

Jicho alicheka bila kupenda. "Mkurugenzi amewahi kukunyima haki yako?"

"Hapana."

"Au ya mwenzetu yeyote?"

"Hapana. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mbaya tangu mwanzo, nisingeshangaa." Akafuta vumbi magotini. "Mtoe, dada. Akae nyumbani aone kukosa mahali kukoje."

Usiku ule hoja zote mbili, ya kumtoa na ya kumwacha, zilimwingia Jicho akilini, na hakuna iliyotoka.

Kikaoni, mwenyekiti aliuliza maoni ya kila mjumbe. Wawili walitaka mkurugenzi aondoke. Wawili walitaka abaki. Macho yote yakamgeukia Jicho. Naye akamgeukia mkurugenzi, aliyekaa mwisho wa meza, mikono juu ya magoti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Mzee, yale maneno yamepata muda wa kukauka. Bado ni yale yale?"

Mkurugenzi aliitazama meza. "Ni yale yale."

"Na mimi je?"

"Nilipokuwa nayasema sikukufikiria wewe."

"Sasa nifikirie."

"Kura hiyo ikipita, itakugusa. Nitasikitika. Lakini siwezi kusema siiamini ili nibaki na kiti. Hata wewe ungejua nadanganya."

Mjumbe mmoja, mwenye maduka ya rangi, alichomeka kalamu yake mfukoni. "Basi amejimaliza mwenyewe. Tufunge jambo hili. Na tukimalizana naye tushuke karakana, maana huko nako wana midomo. Juzi mpakiaji mmoja alinihutubia getini kuhusu kura hiyo hiyo, mpaka gari langu likazuia njia. Watu wa namna hiyo wanaharibu biashara, wawe upande huu au ule."

Jicho hakuhitaji kutajiwa mpakiaji huyo. Hotuba yenyewe alikwisha kuisikia, juu ya mfuko wa saruji. Akauona mlango ambao mkurugenzi alikuwa anasukumwa kupitia, akaona pia foleni iliyokuwa ikijipanga nyuma yake.

"Abaki," alisema.

Mwenyekiti aliomba sababu, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao.

"Kazi ya mtu ipimwe kwa anachofanya kazini. Siku atakapomgusa mfanyakazi mmoja kwa sababu ya alikozaliwa, nitakuja hapa bila kuitwa. Mpakiaji naye, kama alipakia makopo yake, aachwe na mdomo wake."

Mwenye maduka aliguna. Kikao kikafungwa.

Asubuhi iliyofuata, kibao cha kijani cha kuta za hospitali kilikuwa kimekauka. Mkurugenzi alishuka na vikombe viwili.

"Nakushukuru, Jicho."

"Usinishukuru, mzee. Kura yangu ilikuwa ya kiti tu. Siku ya kura ya maoni nitawahi foleni, nikupinge."

"Najua." Akamnyooshea kikombe.

"Chai utaniwia radhi."

"Kwa leo?"

Jicho alikielekeza kibao kwenye mwanga. Wakatazama wote wawili, kimya, kama kawaida yao.

"Kimezidi njano," alisema Jicho.

"Mimi naona kiko sawa."

"Basi nachanganya upya."

Mkurugenzi alisubiri kidogo. Kisha akakiweka kikombe kimoja dirishani, akapanda ngazi na cha kwake. Hakumuuliza habari za watoto, naye hakuulizwa.

Karibu na saa ya mapumziko mdogo wake alipita kuchukua makopo. Habari za kikao alikwisha kuzipata, na alikuwa amekuja amenuna. Akakiona kikombe, kimejaa, utando umetanda juu.

"Cha nani hiki?"

"Hakina mwenyewe."

Alimtazama dada yake, akakitazama kikombe. Akaupuliza utando ukajikunja pembeni, akainywa chai yote ingawa ilikuwa imepoa, akarudi kupakia.