Nusu ya Pili

Kasian aliposhuka kwenye gari la Mikumi alikuwa na sukari, mkate na, bila shaka, methali. Mkate aliushika mkononi. Methali zilikuwa zimekaa tayari mdomoni, na dada yake Magreti alizihisi zinakuja tangu kaka mtu anafuta viatu mlangoni.

Magreti alikuwa amechoka, tena uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akimwogesha mama yao, akimlisha, akimkimbilia anapotoka na kanga moja kuelekea relini kumtafuta mumewe, ambaye alishazikwa zamani. Cherehani ya Magreti ilifunikwa shuka. Wateja walishahamia kwa mafundi wengine hapo hapo Kilosa. Safari hii aliomba jambo moja, na aliliomba mapema kwa simu, mtu asije akasema ameshtukizwa: Kasian, mwenye nyumba ya wageni na wahudumu wa kutosha, amchukue mama Mikumi mpaka mavuno yapite.

Walikaa watatu sebuleni, pamoja na mdogo wao Evance aliyeacha vitunguu vyake Lumuma. Mama alikuwa chumbani, amelala au ametulia tu. Siku hizi ilikuwa vigumu kujua.

"Dada, kazi yako hakuna asiyeiona," Kasian alianza. "Mungu mwenyewe anaiona."

"Mungu namshukuru. Wewe nakuomba chumba."

Evance akainamia simu yake.

"Chumba kipo. Lakini pale ni barabarani, malori usiku kucha, wageni wanaingia na kutoka. Mama kazoea hapa. Halafu wewe ndiye mtoto wa kike, ndiye unayejua mambo yake."

Nyumba ile ilikuwa na namna yake ya kufunga kikao. Mkubwa hutupa nusu ya kwanza ya methali, wengine humalizia, na ukishamalizia umekubali. Mama ndiye aliyewazoesha hivyo tangu utotoni. Aliyedakia alijikuta na ndoo ya maji kichwani kabla hajajua amekubali nini. Methali zenyewe hazikuwa na kosa. Zilikuwa na akili kuliko wote waliokaa pale. Lakini Kasian alikuwa amezigeuza komeo, na kila mara aliyebaki ndani ya mlango alikuwa Magreti.

Kasian akasafisha koo, akanyoosha mkono, akatupa nusu yake, mojawapo ya zile za subira.

Evance alifungua mdomo, akamwona dada yake, akaufunga. Magreti alikaza meno. Nusu ya pili ilikuwa inamwasha ulimini, lakini hakuitoa. Kasian alibaki na mkono hewani akisubiri.

Sauti ikatoka chumbani, safi kabisa, kama ya mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi, ikaimalizia neno kwa neno.

"Mmesikia!" Kasian aliruka. "Mama mwenyewe kasema! Nanyi mnasema hajitambui!"

Furaha yake ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma Magreti zaidi. Alitamani kupiga kelele. Nguvu za kupiga kelele hakuwa nazo, basi akaingia chumbani, akamfunga mama kanga vizuri, akamshika kwapani, akamleta sebuleni.

Mama alimtazama mwanawe wa kwanza: mvi, miwani, tumbo, saa ya kung'aa. Akakusanya heshima yake yote, akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Mama, ni mimi. Kasian, mwanao."

"Shikamoo, mzee," mama akarudia, na sauti yake sasa ilikuwa na woga, maana mkubwa asiyeitikia salamu amekasirika.

"Mwitikie," Magreti alisema.

"Nimwitikie mama yangu mzazi? Si laana hiyo?"

"Mimi ananiamkia kila asubuhi. Usipoitikia atarudia, halafu atalia, anadhani amekosa. Mwitikie, kaka. Magoti yanamuuma."

Kasian, mwenye methali ya kila msiba na kila harusi, alitafuta hata moja, na Magreti akamwona anakosa. Evance alishageukia ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Kasian alisema, na machozi yakamtoka.

Mama akatabasamu, akainuliwa, akaketi karibu na mgeni wake. Magreti alimpangusa mate kwa ncha ya kanga. Magreti hakumwonea kaka yake huruma. Huruma ilikuwa imemwishia, labda angeipata tena akishalala vya kutosha.

Kasian alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Asubuhi," aliuliza, "huwa anakunywa nini?"

"Uji," Magreti alisema. "Mwepesi. Lakini umwitikie kwanza."